Wifi Felesita Alikuwa Mke wa Nani

Mwezi uliopita tulimzika Felesita kule Kavimvira, na kabla ya jeneza kutoka nyumbani watoto wake waliniita chumbani. Ni wanne, na wao wameshaota mvi. Mkubwa wao, Maria, alikuwa ameshika daftari na kalamu. Kwetu siku hizi maiti hatoki bila historia yake kusomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, ameacha wajukuu wangapi. Mistari yote walikuwa wameshaijaza isipokuwa mmoja. "Tante Yuliana," Maria akasema, "weye peke yako njo umebakia mwenye alimujua mama akiwa kijana. Tuandike aliolewa mara ngapi?" Nilimjibu kwa ukali, kama nilivyokuwa nikiwajibu wanafunzi waliochelewa, kwamba aliolewa mara moja, waandike jina la baba yao na wafunge daftari. Wakaandika. Ikasomwa, watu wakaitikia amina, tukaenda makaburini. Nilikaa kwenye mkeka siku nzima nikiwa na hasira, na hasira ile haikuwa na mtu wa kumwangukia ila mimi mwenyewe. Nimefundisha lugha miaka mingi, nimewachapa watoto wa watu kwa neno lililokosewa. Nikadhani nina haki angalau ya kuandika nilichonyamaza siku ile.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma kwa masista, na nilikaa kwa shangazi yangu Konsolata mtaa wa Mulongwe. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka minne na watu walikuwa wameshachoka kuusifu. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, sebule yenye meza moja na viti vinne, na vyumba viwili. Cha mbele walilala Petro, mtoto wa kwanza wa shangazi, na mkewe Felesita. Cha nyuma nililala mimi na shangazi. Petro alikuwa karani wa Leta, yaani serikali, mtu mpole, mwenye koti moja la bluu alilolipiga pasi kila Jumapili jioni kwa mkono wake, maana hakumwamini mwanamke yeyote na lile koti. Mdogo wake, Gaspari, aliishi Mutarule pamoja na mkewe na watoto wake, akilima pamba, na tulimwona mara chache. Lakini nyumba yenyewe hasa ilikuwa jiko, kibanda cha nyuma chenye kuta nyeusi kwa moshi. Humo Felesita alichambua ndagala, dagaa wa kwetu, akizipepeta kuondoa mchanga wa ziwa, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbovu kuliko zote nilizowahi kusikia. Alikuwa na miaka kama ishirini, alikuwa hajapata mtoto bado, na alicheka kwa kichwa chote kurudi nyuma. Nilimpenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu yatakayofuata hayafanani na mapenzi.

Jikoni mle ndimo nilimojua kwamba wanawake wetu hawaridhiki na neno "kuolewa". Hilo ni neno la barua na la wageni. Jirani akija kuomba moto, habari ya kwanza ilikuwa harusi ya fulani, na swali la kwanza lilikuwa: "Alipelekwa ao alijipeleka?" Kupelekwa ndiko kulikuwa na heshima. Ng'ombe wametangulia, wazee wamekunywa, binti anasindikizwa mchana kweupe na nyimbo. Aliyejipeleka aliondoka kwao na kitenge alichovaa, akaingia kwa mwanaume bila mtu wa kumsindikiza. Wazee watatafutana baadaye, watapatana, lakini hata akizaa watoto kumi, siku ya ugomvi ataambiwa alikuja mwenyewe kwa miguu yake. Kulikuwa na walioporwa njia ya mtoni, wakabebwa na vijana wanne wakipiga kelele, na shangazi alikuwa akisema kuna kelele za kweli na kelele za adabu, mama mzazi pekee ndiye anayezitofautisha. Wanawake walicheka sana hapo. Mimi sikucheka, na sasa nikikumbuka naona kwamba Felesita naye aliinamisha uso kwenye ungo. Halafu kulikuwa na kubarikiwa, yaani padri. Na kuandikwa, yaani Leta, kitabu na muhuri. Mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, akawa mkewe. Na lilikuwako neno "kuwekwa", la wanawake wa mabwana wakubwa, lililosemwa kwa sauti ya chini nikiingia, kana kwamba nilikuwa silijui.

Felesita alikuwa amepelekwa, amebarikiwa na ameandikwa, tena Petro alipenda kutania kwamba aliandikwa kwa mwandiko wa bwana yake mwenyewe. "Huyu mukaza mwana wangu," shangazi aliwaambia majirani, "hana mulango hata moja yenye kubakia wazi." Mimi nilikuwa nawasahihisha wote. Masista walikuwa wametufundisha kwamba ndoa ni moja, ni sakramenti, na yaliyobaki ni desturi za watu, mengine ni dhambi tupu. Nilisema hivyo jikoni, nimesimama, mikono nyuma, kama darasani. Walinivumilia kama watu wanavyomvumilia jogoo asiyejua saa. Felesita alinirushia ganda la muhogo. "Wifi," akasema, "siku yako ikifika tutakuletea padri peke yake, bila bwana." Nilikasirika hadi machozi yakanilenga, na yeye akanifuata nje kunibembeleza kwa kiazi kitamu kilichochomwa.

Waasi waliokuwa wakipigana na serikali waliingia mjini majira ya mvua yakiisha. Wengi walikuwa vijana wa rika langu, wamejifunga majani kichwani, wamenyunyiziwa maji ya dawa ambayo waliamini yanageuza risasi. Waliokuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka walikimbilia kwao. Sisi tulibaki, kwa sababu Petro alisema karani hana adui, serikali ikibadilika kitabu kinabaki kile kile. Walimjia siku ya tatu, mchana, tukiwa mezani tunakula sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kijana mmoja alimshika mkono, akaugeuza, akamtazama vidole kwa makini, akitafuta wino. Wino ulikuwepo. Petro aliomba avae koti, wakamkatalia, akatoka na shati akatazama nyuma mara moja tu, si kwa Felesita, kwa mama yake. Hatukupewa mwili. Tulisikia tu kwamba makarani wote wamemalizwa, na shangazi, baada ya siku nne za kuulizia, alilitoa lile koti la bluu sandukuni, akalifunga kwa mkeka, tukalizika nyuma ya jiko, Felesita akanyolewa kichwa kama mjane, tukaanza matanga.

Matanga yalikuwa hayajafika wiki mbili tulipopata mgeni. Komanda wa waasi alitaka nyumba iliyo karibu na barabara, na akaichukua sebule yetu na chumba cha mbele. Felesita akahamia kwetu nyuma. Huyo Komanda sitamwita kwa jina, nalo sina hakika lilikuwa jina lake. Alikuwa mtu wa kusini, mwalimu wa zamani wa misheni, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Watu wanaponiuliza habari za mwaka ule wanataka niwaambie alikuwa mnyama, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa. Alikuwa mtu wa sheria. Dawa yake ilikuwa na miiko, na aliishika: hakumpa mwanamke mkono, sahani yake iliwekwa chini kwanza ndipo aiokote, hakunywa maji yaliyochotwa na mtu mwingine. Mwiko mkubwa ulikuwa mke wa mtu. Kijana wake mmoja aliyemgusa mke wa mvuvi alipigwa mbele ya mlango wetu hadi asiweze kusimama, na Komanda alihesabu mapigo kwa Kifaransa, polepole, kama imla. Lakini macho yake yalianza kumfuata Felesita uani. Asubuhi moja alimwuliza shangazi, kwa upole ule ule, "Mama, huyu mwenye kunyoa kichwa, bwana yake iko wapi?" Nani angemjibu kwamba ninyi ndio mnajua? Shangazi alisema bwana yake amesafiri. Akaingia jikoni, akakaa juu ya kinu.

Siku hiyo hiyo alimtuma mtu Mutarule kumwita Gaspari. Shauri lake lilikuwa rahisi, na leo, nikiwa mzee kuliko alivyokuwa yeye, naliona lilikuwa la busara: Gaspari amrithi Felesita haraka, awe mke wa mtu, mwiko umfunike. Desturi ilitaka matanga yamalizike kwanza, mjane aoge mtoni, ukoo wote ukae. Lakini ukoo ulikuwa umetawanyika na matanga yenyewe yalikuwa ya koti. Felesita alinililia jikoni, mikono yake ikiwa imejaa unga. "Minye simutaki, Yuliana. Ni shemeji yangu. Jana nilikuwa namuita shemeji, leo nimuite bwana? Na bibi yake wa Mutarule ataniona namuna gani?" Shangazi alimsikia, akasema bila kugeuka kutoka kwenye chungu: "Ni jina tu, mutoto wangu. Tunakutafutia jina la kujifunika. Gaspari hatakugusa, nimemuapisha." Jioni Gaspari alikaa kwenye kiti cha kaka yake. Alikuwa mtu mnene, mwoga, mwenye mikono iliyopasuka kwa pamba. Shangazi alitoa kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi aliyoihifadhi kwa ajili ya kumaliza matanga, Gaspari akanywa, akampa Felesita, naye akanywa akifumba macho. Ikawa imekwisha. Mimi nilisimama mlangoni na medali yangu ya Bikira shingoni, nikaona jambo lile ni uchafu. Nilimwona Felesita amegawiwa kama shamba. Nilijiambia kwamba katika nyumba ile hakuna anayemtetea isipokuwa mimi.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Komanda alituita sote uani. Alikuwa amekaa kwenye kiti, ameshika fimbo yake ya maofisa, na vijana wake wawili wamesimama nyuma. Alisema amesikia kwamba yule aliyedaiwa kusafiri alikuwa karani, na kwamba makarani hawarudi. Shangazi hakubabaika. "Ni kweli, Komanda. Lakini huyu si mujane tena. Iko bibi ya mutoto wangu huyu, Gaspari. Amemurithi." Gaspari aliitika kwa kichwa, macho chini. Komanda alifikiri. Nakumbuka alifikiri kweli kweli, kama mtu anayetafuta ukurasa. Akasema dawa yake haimkubali kugusa mke wa mtu, ila lazima ajue kama huyu ni mke wa mtu, au ni maneno. Ndipo macho yake yakashuka kwenye medali yangu. "Weye, mutoto wa masista. Wamekufundisha katekisimu. Kurithi ni ndoa?"

Shangazi alinitazama. Felesita hakunitazama, alikuwa na hakika na mimi. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini nilijibu vile, na nimejipa majibu mengi: woga, mazoea ya darasani, swali la katekisimu ambalo mdomo hulijibu kabla ya kichwa. Yote ni kweli. Lakini pia nilitaka Felesita asiwe wa Gaspari. Nilidhani ukweli ukisemwa kwa sauti, mtu huwa huru. Hivyo ndivyo walivyotufundisha, na sikuwahi kuambiwa kwamba inategemea unamwambia nani. Niliweka mikono nyuma. Nikasema ndoa ni sakramenti, hufungwa mbele ya padri na mashahidi wawili, mume mmoja na mke mmoja. Kurithi ni desturi ya watu, si ndoa. "Na tena," nikaongeza, hakuna aliyeniuliza, "matanga bado hayajaisha." Komanda akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani mwetu. "Umejibu vizuri sana," akasema. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kifupi kama kupepesa jicho, nilifurahi. Nilifurahi kusifiwa na mwalimu. Kisha nikasikia sauti iliyomtoka shangazi, nikaelewa.

Komanda aliondoka na Felesita siku ile ile, kwenda kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, njia ya Kalundu. Hakuburutwa. Alitembea mbele, vijana wawili nyuma yake, na kitu pekee alichobeba kilikuwa ungo wake, sijui kwa nini. Ulimi hauna mfupa, wazee husema, lakini wangu siku ile ulivunja mfupa wa mtu mwingine. Shangazi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinipakulia chakula kama kawaida, akakaa kunitazama nikila. Gaspari alirudi Mutarule, na nilivyomwona akifunga mzigo wake, nilihisi kwamba moyoni ameshusha pumzi.

Nilidhani jambo baya kuliko yote limeshapita. Sikujua jinsi watu wanavyozoea. Haukupita mwezi, mtaani wakaanza kumwita Mama Komanda. Wanawake wale wale waliouliza nani alijipeleka na nani aliporwa hawakuuliza kitu juu yake, walimpelekea mayai. Chumvi ilikuwa imeadimika na njia zimefungwa, hakuna aliyepita daraja bila karatasi ya Komanda, na siku moja shangazi, aliyelizika koti la mwanawe kwa mikono yake, aliniambia: "Nenda kwa mukwe wetu umuombee Gaspari karatasi ya njia." Alilitamka lile neno, mkwe, akiwa ameangalia ukutani. Sikumhukumu. Nilikuwa nimeshakoma kuhukumu.

Nilimkuta Felesita sebuleni mwa watu, kwenye kochi la kitambaa chekundu, amevaa kitenge kipya, na mbele yake sahani ya kuku ambayo hakuigusa. Chumba kilinuka mafuta ya taa na nguo za mwenye nyumba zilizokuwa bado zinaning'inia kwenye misumari. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota. Alinikaribisha vizuri, kwa adabu, kama mgeni wa mbali, na hilo liliniumiza. Nilipoomba karatasi ya Gaspari alicheka kidogo, si kwa kichwa kurudi nyuma. "Gaspari bwana wangu wa siku tatu? Nitamuombea." Kisha akasema, bado kwa upole: "Komanda anakusifu. Minye nilimuambia ananikamata kwa nguvu. Akasema hapana, sheria iko na yeye, mutoto wa masista alimuonyesha. Kila nikilia ananitajia weye." Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji. Aliniambia niinuke, nisichafue sare. Akaniongezea chumvi kwenye kikapu, kwa ajili ya shangazi, na mlangoni akanishika bega, akaniambia ana mimba.

Serikali ilirudi kabla ya mvua kubwa, na ndege mbele na wazungu wa kukodiwa ndani ya magari. Maji ya dawa hayakumsaidia mtu. Komanda alikimbilia kusini na vijana waliobaki, bila kuaga, na Felesita akarudi kwetu kwa miguu, tumbo limetokeza, akaingia moja kwa moja jikoni na kukaa kwenye kinu. Shangazi alimfunika kwa nguo yake mwenyewe. Tulikuwa na siku mbili za kupumua. Siku ya tatu askari walizunguka mtaa mzima wakaamuru kila nyumba ije kiwanjani, watu wasimame kwa familia. Waliokuwa na karatasi za waasi mifukoni walitolewa kando. Wanawake waliokaa na waasi nao walitolewa, wakapangwa karibu na ukuta wa ghala. Wale wa kwanza walikuwa wameshapelekwa nyuma ya ghala, na tulikuwa tumeshasikia risasi.

Sajini alifika kwetu akiwa na kijana wa mtaa wa kumwonyesha. Kijana alimnyooshea Felesita kidole: "Huyu, Mama Komanda." Gaspari alikuwa amesimama nasi, alikuwa ameikimbia Mutarule vita vilipofika kule. Shangazi alimsukuma mbele. "Ni uongo, Sajini! Huyu iko bibi ya mutoto wangu. Walimunyanganya kwa nguvu. Gaspari, sema! Shika bibi yako!" Ilitosha aweke mkono juu yake. Wanaume wengine waliwashika wake zao namna ile na askari wakawapita. Niliona mkono wa Gaspari ukiinuka kidogo kutoka pajani, ule mkono uliopasuka. Halafu ukashuka na kukaa juu ya mfuko wa suruali, na nikakumbuka mara moja ni karatasi gani aliyowahi kubeba mle. Sijui kama ilikuwamo bado. Akikubali kwamba mkewe alikaa na Komanda, wangemuuliza na yeye alipata nini. "Sikumurithi," akasema. Sauti yake haikusikika vizuri, akarudia. "Haikuwa ndoa. Matanga haikuisha. Muulize huyu, yeye mwenyewe alisema mbele ya batu."

Sajini akanigeukia. Nilimkatiza kabla hajauliza. Nilipiga kelele kwamba ni mkewe, kwamba niliona, walikunywa kwenye kibuyu kimoja, kurithi ni ndoa, ni ndoa kabisa, ndoa ya baba na babu zetu. Nililia, nikashika medali nikaapa. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mbuzi. "Bwana mwenyewe anakataa," akasema, "weye unamuoza kwa nguvu?" Askari walicheka. Felesita alikuwa anamtazama Gaspari, hana chuki, ameduwaa tu, na akaanza kutembea mwenyewe kuelekea ukutani. Shangazi alikaa chini kwenye vumbi.

Aliyemsimamisha alikuwa koplo mmoja wa makamo, mfupi, ambaye hatukuwa tumemwona kabla ya hapo. Alimshika mkono wa juu, akamtazama usoni, akatazama tumbo, akamwambia Sajini, kama mtu aliyeona sufuria imeachwa sokoni: "Kama hana mwenyewe, minye namukamata." Sajini akainua mabega, akapita nyumba iliyofuata. Ndivyo Felesita alivyobaki hai. Yule koplo ndiye baba ambaye jina lake nilisema waliandike, na wote wanne wanalitumia, pamoja na Maria aliyezaliwa miezi mitano baada ya siku ile. Sijawahi kusikia, hata waliporudi kukaa Kavimvira, kwamba alimpiga. Sijawahi pia kumsikia Felesita akimwita kwa jina.

Lori la askari liliondoka asubuhi iliyofuata, kuelekea uwanda wa Ruzizi na Bukavu. Shangazi hakuweza kuinuka kitandani, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, nimebeba kifurushi cha ndagala kavu na kitenge kimoja cha zamani. Wanawake wachache walikuwa wameshapanda, wamekaa juu ya magunia, kila mmoja ametazama upande wake. Felesita alikuwa bado chini, karibu na gurudumu, akisubiri koplo amalize kufunga mizigo. Nilimpa kifurushi, akakipokea. Nikamwambia anisamehe. Sikuwa na maneno mengine, na hilo nililisema vibaya, kwa kwikwi. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, na nilijua kutokana na sauti yake kwamba hakuwa ananisuta, alitaka kujua kweli, kwa kuwa angeulizwa huko anakokwenda na wanawake wa huko. "Wifi, weye umesoma. Hii ya sasa, niseme inaitwa nini?"

Nilifungua mdomo. Alikuwa hajapelekwa, hajajipeleka, hajaporwa njia ya mtoni, hakuna padri, hakuna kitabu, na aliyemrithi alikuwa amemkana. Katika yote niliyofundishwa neno moja tu lilikuwa limebaki, na lilikuja lenyewe hadi kwenye meno, kwa utaratibu wake wa darasani: uzinzi. Nililiuma. Sikulitoa. Lakini nadhani aliliona usoni mwangu, kwa maana aligeuka kabla sijafunga mdomo, akampa koplo mkono, akapandishwa juu ya magunia.